Boliti Isiyoonekana: Mazungumzo na Wenye Magari ya Zamani



Huenda baadhi yenu wakashangaa kusikia kwamba ofisi iliyokabidhiwa kazi ya kutetea haki za watumiaji wa bidhaa na huduma imekuja kuzungumza nanyi juu ya boliti. Pengine mlitazamia tuzungumzie mizani, bei au bidhaa bandia. Tumelichagua jambo hili dogo kwa makusudi, kwa sababu katika matengenezo ya gari la zamani ugomvi baina ya mteja na fundi mara nyingi hauanzii kwenye kipuri kikubwa. Huanzia kwenye boliti moja iliyojificha mahali ambapo mkono haufiki na jicho halioni.

Tuchukue mfano. Mama mmoja mkazi wa Mombasa ana gari dogo lenye umri wa miaka 20. Asubuhi moja gari linakataa kuwaka. Fundi wa mtaani analikagua na kusema kwamba stata imekufa. Wanakubaliana kwa mdomo bei ya stata na ujira wa kuifunga. Stata hiyo imeshikwa na boliti mbili. Ya chini inaonekana vizuri, nayo inafunguka kwa dakika chache. Ya juu imebanwa baina ya injini na ukuta wa gari, chini ya mabomba na nyaya. Fundi anaipapasa kwa vidole, anaivisha spana isiyoikaa sawasawa, anavuta kwa nguvu, na pembe za kichwa cha boliti zinalika.

Kuanzia hapo mambo yaweza kwenda njia tatu. Fundi aweza kuipiga boliti kwa tindo hadi ikatike, kisha amwambie mama kwamba gharama imeongezeka maradufu. Aweza kuipasha moto na kuunguza nyaya zilizo jirani. Au aweza kuitoa kwa tabu, akashindwa kuirudisha, akafunga stata kwa boliti moja tu na kunyamaza kimya. Gari litawaka na mama ataondoka akishukuru. Lakini stata iliyoshikwa upande mmoja hutikisika kila inapozungushwa, na baada ya muda sikio la chuma linaloishika laweza kupasuka. Sikio hilo ni sehemu ya gamba la giaboksi. Boliti isiyofika hata urefu wa kidole itakuwa imemgharimu mama huyu gamba zima.

Tunalotaka mwondoke nalo leo ni hili: boliti isiyoonekana yapasa izungumzwe kabla spana haijashikwa, ipewe muda wakati wa kufunguliwa, na ionekane kwa macho ya mteja baada ya kufungwa. Anayezingatia mambo hayo matatu ataokoa fedha zake, na pengine uhai wake.

Kwa nini boliti za gari la zamani hukwama

Boliti hushika kwa sababu ya hesi, yaani ile mikato inayoizunguka kama ngazi ya mviringo. Inapokazwa, chuma chake hunyooka kidogo sana mfano wa mpira uliovutwa, na mvuto huo ndio unaobana vipande viwili pamoja. Kutu ikiingia katika mikato hiyo hutanuka na kujaza kila nafasi. Ndiyo maana boliti iliyofungwa na mtu mmoja kwa mkono wake yaweza kuwashinda watu wawili baada ya miaka 15.

Magari mengi tuliyo nayo yaliletwa yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Kanuni za Kenya haziruhusu gari la mtumba kuingia nchini likiwa limepita miaka 8 tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza. Kwa hiyo gari laweza kutua bandarini likiwa na boliti ambazo hazijaguswa kwa miaka 7 au 8. Zaidi ya hayo, katika sehemu za Japani zenye theluji, barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hurukia chini ya gari. Likishafika pwani yetu, gari hilo hukutana na upepo wa bahari wenye chumvi ya kwake. Kwa hiyo mnunuzi wa gari la mtumba asitosheke na kung'aa kwa rangi. Na achungulie uvungu, atazame boliti za mabomba ya moshi na za shokomzoba. Kama vichwa vyake vimekuwa magamba ya kutu, ajue kwamba kila tengenezo la sehemu hizo litachukua muda mrefu kuliko kawaida, na bei ya gari ipunguzwe kwa kadiri hiyo.

Kuna sababu nyingine mbili. Ya kwanza ni kukutana kwa boliti ya chuma na kipande cha aluminiamu. Madini hayo mawili yakipata unyevu wenye chumvi, aluminiamu huliwa na kutoa unga mweupe unaokamata hesi kwa nguvu. Ya pili ni joto. Boliti zinazoshika mabomba ya moshi kwenye injini hupata moto na kupoa kila siku, hata chuma chake kikadhoofika. Hizo ndizo zinazovunjika kwa urahisi zaidi, na fundi mwaminifu atakwambia hivyo kabla hajazigusa.

Kuifikia boliti kabla ya kuifungua

Kosa la kwanza katika kazi hii ni kupigana na boliti mahali pembamba badala ya kupanua mahali penyewe. Fundi aliyekomaa hutumia dakika zake za kwanza kutazama. Huchukua tochi na kioo kidogo chenye mpini, au huingiza simu yake katika upenyo na kupiga picha, ili ajue kichwa cha boliti kimeelekea wapi na kitu gani kimekizuia. Kisha huondoa vizuizi: gurudumu, ngao ya plastiki iliyo ndani ya bawa la gari, betri na kibao chake, au kasha la kichujio cha hewa. Kuondoa vitu vitatu vilivyo rahisi mara nyingi huchukua muda mfupi kuliko kupambana na boliti moja kwa kupapasa. Basi ukimwona fundi anafungua sehemu ambazo hukuzitaja, usimdhanie vibaya upesi. Muulize sababu, naye akujibu.

Baada ya hapo huja zana. Kwa boliti iliyo mbali, spana ya soketi huunganishwa na fimbo moja au mbili za kurefushia, hata mpini ukatoka mahali penye nafasi ya kuuzungusha. Katika magari kadhaa, boliti ya juu ya stata isiyofikika kutoka juu hufikiwa kutoka chini kwa fimbo ndefu inayopita kando ya giaboksi. Pakiwa na kona, hutumika kiungo cha kupinda. Ila kiungo hicho kikipinda sana hupoteza nguvu na kuisukuma soketi pembeni, kwa hiyo pembe yake iwe ndogo kadiri iwezekanavyo.

Kipimo cha soketi kiwe kamili. Boliti nyingi za magari ya Kijapani huchukua spana za milimita 8, 10, 12, 14 na 17. Magari ya Ulaya hutumia pia 13, 15, 16 na 18, na magari makongwe ya Uingereza huwa na boliti za inchi. Spana ya milimita 13 huonekana kuingia katika boliti ya nusu inchi, lakini nusu inchi ni milimita 12.7, tofauti hiyo ndogo yatosha kuzila pembe za kichwa kilichokwisha kuota kutu. Kwa boliti ngumu, soketi ya pembe 6 hushika nyuso zote za kichwa, na kwa hiyo ni salama kuliko ile ya pembe 12.

Jambo jingine lataka uangalifu. Boliti iliyokupa mgongo, au unayoitazama kwa kioo, huwapotosha hata wenye uzoefu juu ya upande wa kuizungushia. Wengi wamevunja boliti kwa kuikaza huku wakidhani wanaifungua. Kabla ya kuvuta, jiweke kimawazo mbele ya kichwa cha boliti, kisha uamue kushoto kwake ni wapi.

Subira kabla ya nguvu

Wahenga walisema subira huvuta heri, na usemi huo ungefaa kuandikwa juu ya mlango wa kila gereji. Boliti iliyoshikwa na kutu husafishwa kwanza kwa brashi ya waya. Kisha hunyunyiziwa mafuta ya kulegeza kutu kwenye mlango wa hesi, na huachwa. Dakika 10 ni chache. Usiku mzima ni bora, na kurudia mara mbili au tatu ni bora zaidi. Ndiyo maana tunawashauri wenye magari: kama mnajua kwamba wiki ijayo gari litafunguliwa shokomzoba au mabomba ya moshi, mwombeni fundi azinyunyizie boliti hizo siku mbili kabla. Huduma hiyo yachukua dakika chache, nayo yaweza kuzuia hasara kubwa. Mafuta hayo yasiguse kabisa diski wala pedi za breki.

Baada ya mafuta, kichwa cha boliti hugongwa kwa nyundo mara kadhaa, kwa kadiri ya kutikisa kutu bila kukiharibu. Kisha huvutwa taratibu. Ikisogea robo ya mzunguko na kuanza kukaza tena, hurudishwa nyuma kidogo, huongezwa mafuta, na kusogezwa tena mbele. Mwendo huo wa kwenda na kurudi huusaga na kuutoa unga wa kutu. Anayeivuta moja kwa moja huukusanya unga mbele ya hesi hadi boliti ikatike.

Mafundi wengi huvisha bomba refu kwenye mpini wa spana ili kuongeza nguvu. Njia hiyo ina hatari mbili. Mpini mrefu humwondolea fundi hisia ya mkono, asijue kama boliti inafunguka au inajisokota ili ivunjike; na spana ikichoropoka, mkono au uso hugonga chuma.

Plagi za injini zina sharti lake. Katika injini nyingi, plagi hukaa ndani ya shimo refu katika kichwa cha aluminiamu. Zisifunguliwe injini ikiwa moto, kwa maana hesi laini ya aluminiamu yaweza kung'oka pamoja na plagi. Vumbi na mchanga ulio shimoni hupulizwa kwanza, ili usije ukaanguka ndani ya injini. Fundi anayekwambia usubiri injini ipoe anakulindia mali yako.

Juu ya matumizi ya moto

Moto wa gesi ni dawa yenye nguvu. Ukipasha nati joto, hutanuka na kuachia mshiko wa kutu. Lakini dawa hiyo si ya kila mahali. Moto usikaribie tangi wala mabomba ya petroli, mipira ya breki, shokomzoba iliyofungwa yenye gesi na mafuta ndani, mipira ya mikono ya magurudumu, wala nyaya. Dawa za kusafishia breki zisitumike karibu na moto wala kulehemu. Nyingi huwaka, na zile zenye klorini hutoa gesi yenye sumu kali zikiungua.

Mteja anayo haki ya kuuliza: Mtapasha moto wapi? Kuna nini karibu? Kizima moto kiko wapi? Gereji isiyo na jibu la swali la tatu isipewe kazi ya namna hiyo.

Ikiwa imevunjika

Yafaa tuseme kwa haki kwamba boliti yaweza kuvunjika mikononi mwa fundi stadi asiye na kosa lolote. Chuma kilicholiwa kwa miaka 20 hakina deni kwa mtu. Kwa hiyo kuvunjika kwenyewe si ushahidi wa uzembe. Uzembe hujulikana kwa yaliyotangulia na yanayofuata: Je, mafuta yalitumika? Je, spana ilikuwa ya kipimo chake? Je, mteja aliarifiwa mara moja, au aligundua mwenyewe?

Kipande kilichobaki ndani hutolewa kwa njia kadhaa. Kikiwa kimechomoza, hukamatwa kwa koleo la kubana, au nati hulehemewa juu yake na kuzungushwa. Joto la kulehemu lenyewe husaidia kuachanisha kutu. Kikiwa kimezama, hutobolewa katikati kwa drili na kutolewa kwa chombo maalumu chenye hesi ya kinyume. Kazi hiyo yataka utulivu, kwa sababu chombo hicho ni kigumu lakini huvunjika, na kikivunjikia ndani hakitoboleki kwa drili ya kawaida. Fundi asiye na uzoefu wa hatua hii afadhali akiri na kumpelekea mwenziwe mwenye mashine. Kukiri huko si aibu, na mteja asimcheke. Hesi ikiwa imeharibika kabisa, hukatwa upya na kuvishwa hesi ya chuma iliyotengenezwa kwa kusudi hilo. Kujaza gundi na kuibandika boliti kwa macho tu ni udanganyifu.

Kurudisha kila boliti mahali pake

Mahali pagumu kufungua ni pagumu pia kufunga, na hapo ndipo uaminifu unapopimwa. Boliti hushikizwa ndani ya soketi kwa grisi kidogo au kipande cha karatasi ili isianguke njiani. Huanzishwa kwa vidole, au kwa soketi na fimbo bila mpini, hadi izunguke laini mara kadhaa. Boliti inayogoma tangu mzunguko wa kwanza imeingia upande. Ikilazimishwa itaiharibu hesi yote.

Boliti iliyopotea au kulika ibadilishwe kwa nyingine ya urefu, hesi na nguvu ile ile. Boliti nyingi huwa na nambari kichwani, kama vile 8.8 au 10.9, inayoonyesha uwezo wake wa kustahimili mvuto. Nyingi za Kijapani huandikwa nambari moja kama 7. Boliti laini ya kufungia mlango wa chuma isiwekwe kwenye breki wala usukani, hata kama imeingia vizuri. Nati zenye pete ya plastiki ndani ya kujizuia zisilegee hubadilishwa zikishafunguliwa. Katika injini kadhaa, boliti zinazofunga kichwa cha injini hutengenezwa ili zinyooke mara moja tu. Mwongozo wa gari ukisema zisirudiwe, zisirudiwe.

Ukazaji nao una kipimo. Spana maalumu ya kupimia nguvu huonyesha nyutoni-mita, na kila mtengenezaji hutaja kiasi chake. Kwa magari mengi madogo ya Toyota, kwa mfano, nati za magurudumu hukazwa kwa nyutoni-mita 103. Nati iliyolegea hufunguka njiani. Iliyokazwa kupita kiasi huchosha chuma, na itamshinda mwenye gari siku atakapopata pancha usiku, mbali na mji.

Kwa wale wanaojitengenezea nyumbani, tunasisitiza mambo mawili. Usiingie uvunguni mwa gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liwekwe juu ya stendi za chuma, mahali pagumu na tambarare. Boliti iliyokwama huvutwa kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayoweza kuliangusha gari juu yako. Pili, kabla ya kugusa stata au alteneta, tenganisha waya hasi wa betri. Spana ikigusa waya wa stata na bodi kwa pamoja, itatoa cheche na kuunguza mkono.

Makubaliano baina yako na fundi

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi zaidi, nalo ni haki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu hukabidhi gari lenye thamani kubwa kwa neno la mdomo tu, kwa kuwa fundi ni jirani au alipendekezwa na rafiki. Ujirani ni jambo jema, nao hudumu zaidi ukilindwa na karatasi.

Sheria ya Kenya ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu matengenezo ya magari na bidhaa nyingine. Msingi wake ni kwamba mteja hupewa kwanza makadirio ya gharama. Kwamba hatozwi kazi ambayo hakuiidhinisha. Na kwamba anayetengeneza haruhusiwi kudai zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio aliyotoa. Sheria hiyo inazungumzia pia kurudishiwa vipuri vilivyotolewa katika gari, na dhamana ya kazi iliyofanywa. Kwa hiyo unapoomba karatasi ya makadirio, humvunjii fundi heshima. Unatenda lililo haki yako.

Katika karatasi hiyo, kwa gari la zamani, tunawashauri muongeze maneno machache juu ya boliti. Yaandikwe hivi: kwamba fundi ameziona boliti zinazoelekea kuwa ngumu, na zimetajwa, kwamba atatumia mafuta na muda kabla ya nguvu, kwamba boliti ikivunjika au kulika, kazi itasimama na mteja atapigiwa simu kabla ya hatua inayofuata, na kwamba gharama ya kuitoa itakuwa kiasi fulani kilichotajwa mapema. Kipengele hicho cha mwisho kina faida kwa pande zote mbili. Fundi hapati hasara kwa kutu asiyoileta yeye, na mteja hashtukizwi.

Tukimrudia mama wa mfano wetu, makubaliano hayo yangembadilishia siku yake nzima. Fundi angemwonyesha kwa picha ya simu boliti ya juu ya stata, angemweleza kwamba italazimu kutoa betri na kibao chake, na angelinyunyizia gari mafuta jioni ili kazi ifanyike kesho yake. Mama angelala bila gari usiku mmoja. Gamba la giaboksi lingesalimika.

Siku ya kuchukua gari, usilipe na kuondoka mbio. Uliza maswali manne. Je, ziko wapi boliti na vipuri vya zamani? Je, kuna boliti iliyobaki mezani, na ni ya wapi? Je, fundi aweza kukuonyesha kwa kioo au kwa picha kwamba boliti zote zimerudi? Na dhamana ya kazi hii ni ya muda gani? Fundi mwema hatachukizwa na maswali haya, bali atafurahi kwamba kazi yake iliyo gizani imepata shahidi. Andika majibu nyuma ya risiti, pamoja na tarehe na kilomita zilizosomeka siku hiyo.

Likitokea tatizo, rudi kwanza kwa fundi yule yule kwa maneno ya heshima, ukiwa na karatasi yako. Usilipeleke gari kwa mwingine afungue kabla wa kwanza hajaona, kwa maana ushahidi utapotea. Ukiona gari si salama kuendeshwa, liache lilipo na umwite alifuate. Mkishindwa kuelewana, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Lengo lake ni kukata shauri katika muda wa siku 60, na mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Huko, makadirio, risiti na picha za simu vitasema kwa niaba yako.

Neno la mwisho

Mabibi na mabwana, hatukuja kuwafundisha kuwashuku mafundi wetu. Mafundi hao, wengi wao wakifanya kazi juani bila mashine za kifahari, ndio wanaoyafanya magari yetu ya zamani yaendelee kubeba watoto kwenda shule na mazao kwenda sokoni. Tumekuja kuwaomba mteja na fundi waangalie pamoja mahali pale penye giza, kabla ya kazi na baada ya kazi.

Mwisho wa wiki hii, kabla hamjaliwasha gari, hesabuni nati za kila gurudumu kwa macho yenu. Ikikosekana moja, msiliendeshe hadi nati hiyo ipatikane. Kisha mkiwa na fundi wenu, mwulizeni juu ya zile ambazo macho hayafiki.